Kijana Wako na Vyuma: Mashine au Mikebe ya Saruji?

Leo tutazungumza kuhusu vijana wetu wanaotaka kujenga misuli.

Huenda umewaona jioni nyuma ya nyumba. Wamejaza saruji katika mikebe miwili ya rangi, wakaiunganisha kwa bomba la chuma, na sasa wananyanyua kwa zamu. Wenzao wenye uwezo hulipa ada wakaingia jimu zenye mashine. Wewe mama unajiuliza: mwanangu hataumia? Na kipi bora, mashine au hivyo vyuma vya kunyanyua kwa mkono?

Kwanza tujue msuli unavyokua. Msuli haujui kama unavuta mashine, mkebe wa saruji au wavu wa samaki. Ukipata mzigo kuliko uliouzoea, kisha ukapata chakula na mapumziko, hukua na kupata nguvu. Mwaka 2023 watafiti waliolinganisha tafiti mbalimbali walikuta kwamba misuli hukua karibu sawasawa kwa njia zote mbili. Kwa hivyo kijana asiye na pesa za jimu hajapoteza kitu. Tofauti kubwa iko katika usalama.

Mashine ya jimu ina vipande vya chuma vilivyopangwa kama matofali. Kijana huchomeka pini kuchagua uzito, kisha huvuta kamba inayopita kwenye kapi, kama lile la kupandishia tanga la jahazi. Mashine humwonyesha njia ya kufuata. Akichoka akiachia, uzito hurudi mahali pake, haumwangukii kifuani. Hii humfaa anayeanza. Lakini mashine nyingi zimepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 12 huenda asienee vizuri, naye akaumia mgongo au bega.

Vyuma vya mkono hufundisha mwili kujisawazisha, kama unavyofanya wewe ukibeba mtungi wa maji wa lita 20, ambao ni kilo 20. Hatari yake ni kwamba hakuna kitu cha kuvizuia vikiteleza. Kijana aliyelala chali peke yake chini ya bomba lenye mikebe anaweza kubanwa shingo, asipate wa kumsaidia.

Mama, usimfukuze wala usivitupe vyuma vyake. Mazoezi ya uzito yakisimamiwa vizuri hayamdumazi mtoto, kama wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Wasichana pia wamo. Fanya haya:

Kwanza, hakikisha mikebe miwili ina uzito sawa. Ipimwe kwa mizani ya dukani. Saruji ikipasuka au bomba likipinda, isitumike tena.

Pili, asinyanyue kwa kulala chali bila mwenzake kusimama upande wa kichwani.

Tatu, aanze na uzito anaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15 bila kujipinda. Aongeze kidogo kidogo, asishindane na wenzake. Apumue, asizuie pumzi.

Nne, misuli ile ile aipumzishe siku moja kabla ya kuirudia. Anywe maji ya kutosha, maana joto la huku kwetu ni kali.

Tano, ale vizuri. Samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharagwe, kunde na pojo hujenga misuli. Si lazima kununua unga wa bei ghali.

Sita, na hili ni zito: akatae kabisa vidonge au sindano za homoni za kukuza misuli. Dawa hizo huweza kudhuru moyo na ini, kusinyaza korodani, na kwa kijana ambaye bado anakua, kuifunga mifupa mapema asirefuke tena. Ukiona chupa au sindano usiyoijua chumbani mwake, zungumza naye kwa upole, kisha mwende pamoja hospitalini.

Kama mtoto wako ana ugonjwa wa selimundu, ambao uko sana huku Pwani, au ana tatizo la moyo, muulize daktari kabla hajaanza. Na mtoto yeyote akizimia, akipata maumivu ya kifua, au akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Wiki hii, mwambie kijana wako akuonyeshe anavyofanya mazoezi yake. Mtazame, muulize nani humsimamia, na ushike vyuma vyake uone kama ni imara. Kijana anayejua mama yake anafuatilia atakuwa mwepesi wa kukuambia anapoumia.