Wenzo wa Kuinulia Mkokoteni

 

Leo nazungumza nanyi mnaoishi kwa mkokoteni, mnaowabebea watu magunia siku ya mgao, madumu ya maji, mbao na mabati. Beringi ikikwama, sharti gurudumu litoke, na jeki hakuna. Basi huitwa vijana wanne, wanainua kwa mikono, na fundi anaingiza vidole chini. Mmoja wao akichoka, anayeumia ni fundi. Na mkono ulioumia hauleti chakula nyumbani.

Kuna njia nyingine, nayo ni wenzo. Shambani umewahi kung'oa jiwe kubwa kwa mtaimbo. Kazi ni ile ile.

Tafuta mti mkavu, mgumu, usio na ufa wala kutobolewa na wadudu. Urefu uwe mita 2, unene usipungue sentimita 8. Usikate mti mbichi. Uliza kwa mafundi wa nyumba kama wana nguzo iliyobaki. Upande wa ncha chonga kijibonde ambamo ekseli italala isiteleze, kisha ufunge kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Sasa tafuta egemeo, yaani kitu ambacho mti utakilalia. Gogo pana linafaa, kimo chake kikaribie kile cha ekseli. Kama ardhi ni tope au mchanga, tandika ubao kwanza.

Egemeo likae sentimita 25 kutoka kwenye ncha. Upande wako zitabaki sentimita 175, yaani mara 7. Kwa hiyo upande wa mkokoteni wenye uzito wa kilo 70 utauinua kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Hata mama aliye peke yake na binti yake wanaweza.

Kazi yenyewe ifuate mpangilio huu. Kwanza, shusha mzigo wote. Pili, zuia gurudumu la upande wa pili kwa mawe, mbele na nyuma. Tatu, mmoja akandamize mpini taratibu mpaka gurudumu liachane na ardhi. Nne, mwenzake asukume gogo la pili chini ya fremu, akilishika kwa ubavuni, vidole visiingie chini. Tano, legeza mpini polepole mpaka mkokoteni ukae juu ya gogo. Utikise. Ukicheza, inua tena, upange upya.

Hapo ndipo gurudumu linatoka, si kabla. Nawaomba mshike hili hata mkisahau mengine: wenzo ni wa kuinua, gogo ndilo la kushikilia. Usiingize mkono, mguu wala kichwa chini ya mkokoteni unaoshikiliwa na mtu. Mtu hupiga chafya, hugeuka akiitwa, huchoka. Na kichwa chako kisiwe juu ya mpini, maana ukiponyoka unaruka juu kwa kishindo. Watoto wakae mbali.

Mti mmoja unatosha mikokoteni yote ya mtaa wenu. Utunzeni pakavu, na kila mara kabla ya kazi uangalieni kama umeanza kupasuka.

Mwenye swali amwachie kiongozi wa kikundi chake cha kusikiliza, nasi tutalijibu katika kipindi kijacho. Kazi njema, na vidole vyote kumi virudi nyumbani.