Kivuli cha Mwembe na Maua ya Kunukia
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10)



Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tumepewa kuzungumzia kitalu cha maua, maana kuna maneno. Wapo wanaosema pesa ya kitalu igawanywe, eti maua hayaliwi. Basi tuelezane.

Wengi wetu shamba si letu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini nyumbani mambo tunayajua wenyewe. Mahali ambapo hakuna aliyetugombania ni chini ya mwembe. Mahindi hapo yanarefuka kama uzi, hayazai. Ndipo tulipoanzia sisi. Na tangu miche ianze kuuzwa, jamani, hata kile kivuli kimepata wenyewe! Akina baba msinune, tunatania kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Kivuli si kimoja. Kipo cha kutwa nzima, na kipo kinachopata jua asubuhi halafu mwembe ukafunika mchana. Asumini ukiiweka penye kivuli cha kutwa itakupa majani matupu. Ipate jua mpaka saa nne au saa tano, ndipo itoe maua. Gadenia nayo hivyo hivyo, ila hiyo haitaki majivu. Tunajua mnapenda kumwaga majivu ya jikoni kila shina, lakini gadenia itageuka majani ya njano. Ipeni samadi iliyooza kabisa, basi.

Mwembe wenyewe ni mlaji. Ukichimba karibu na shina lake, mizizi inakunywa maji yote na mche unakauka ukiwa kivulini. Ndiyo maana tunapanda kwenye ndoo mbovu na madebe tuliyotoboa chini.

Vipandikizi vya asumini mkate tawi lisilo changa sana wala gumu sana, lenye vifundo vitatu. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mnyevu, kivulini. Mwezi mmoja au mwezi na nusu linashika mizizi. Mche ukishakua na kutoa maua, ukateni, maana maua yanatoka kwenye machipukizi mapya. Kuna wanaoogopa kukata, halafu wanalalamika mti umekuwa kichaka.

Huko Unguja na Mombasa akina mama wanatunga asumini vikuba na makoja, wanauza jioni, ndipo ua linapofunguka. Sisi desturi hiyo hatuna, wateja wetu wanataka mche. Lakini msidhani harufu nzuri kivulini ni mambo ya pwani tu. Wenzetu wa Tarime wana kahawa. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, mibuni inachanua pamoja, meupe, yananukia karibu kama asumini, na siku chache yamekwisha. Na kahawa inapenda kivuli cha migomba.

Liko jambo zito. Ule mti wanaouita malkia wa usiku, wenye maua membamba yanayonukia giza likiingia, ndio ulioulizwa sana. Unakua upesi, nusu kivuli hausumbuki. Lakini vile vitunda vyake vyeupe vina sumu. Kamati imesimamisha kuuotesha. Wengine wamenung'unika, wanasema mteja aambiwe kisha auziwe. Sawa, mteja ataambiwa. Mtoto wa jirani anayepita kuchuma vitunda uani, yeye ataambiwa na nani? Ni kweli tumepoteza wateja, na marejesho ya wenzetu watatu yamechelewa kwa sababu hiyo. Tunaomba wapewe muda, wasitozwe faini. Walitii uamuzi wa kikundi.

Kwa hiyo baada ya chakula tutapiga kura mbili: kitalu kibaki au kigawanywe, na mti ule usirudi kitaluni. Kila mwanachama apige mwenyewe, asitume mtu. Na wenye madebe mabovu wayalete Jumamosi asubuhi, vipandikizi vimekwishakatwa.