Vitabu Vitoke Kabatini



Wiki iliyopita nilikwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, kwa kazi nyengine kabisa. Nilipomaliza niliketi pwani, pale yanapoundwa majahazi. Mtoto wa kama miaka tisa alikuwa akipita chombo baada ya chombo, akisoma kwa sauti majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni. Akikwama, hurudi nyuma, akaunganisha herufi, akaendelea. Hakuna aliyemwamrisha, wala aliyemshikia bakora.

Nikamuuliza, "Skuli mnasoma vitabu gani?"

Akajibu, "Vitabu vimo kabatini, ami. Ufunguo anao mwalimu."

Jibu hilo lilinichoma, kwani skuli niliyosoma mimi ilikuwa na kabati kama hilo. Kila mwisho wa mwaka vitabu vilihesabiwa, vikatimia, mwalimu akasifiwa. Vilitimia kwa sababu havikusomwa. Sisi kitabu tulikishika siku ya kuitwa mbele ya darasa, na aliyebabaika alichekwa. Wapo wenzangu waliotoka pale na chuki ya kusoma, na chuki hiyo wanayo hadi leo.

Simlaumu mwalimu. Kitabu kikipotea, yeye ndiye anayeulizwa. Basi tubadilishe suali: badala ya kumuuliza vimebaki vingapi, tumuulize vimesomwa vingapi.

Na kusoma kuna njia nyingi za kukufanya kupendeze, wala hazihitaji fedha nyingi. Iwepo saa moja kwa wiki ya kusoma bila ya mtihani, mkubwa akimsomea mdogo. Watoto wapelekwe pwani wasome majina ya vyombo, kisha wamuulize nahodha kwa nini chombo chake kikaitwa hivyo, na jibu waliandike. Walete misemo ya kanga za mama zao. Aalikwe bibi wa kijiji atoe hadithi, paukwa pakawa, watoto waiandike, na karatasi zishonwe ziwe kitabu cha darasa. Kwa Nungwi jambo hili lina faida zaidi, maana wengi nyumbani husema Kitumbatu na vitabu vya skuli ni vya Kiswahili sanifu. Mtoto akiyaona maneno ya bibi yake yameandikwa, hatadhani tena kwamba kusoma ni kwa watu wengine.

Visiwa hivi havikukosa waandishi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mwandishi wa habari, alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Shafi Adam Shafi akaandika Kuli, mwaka 1979. Na mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitawafaa nini watoto wetu kuyasikia majina hayo redioni tu?

Tena Nungwi ya leo ni ya mahoteli. Karatasi za ajira na za ardhi zinapita mikononi mwa watu. Asiyejua kusoma hutia dole gumba pale alipoonyeshwa, na khabari ya alichokikubali huipata baadaye, shamba likishakwenda.

Walimu wakuu, fungueni makabati. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, kimefanya kazi yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.