Kila kifo kiandikwe, kila kilio kisaidiwe



Mara nyingi mnatuuliza: "Mtu akifa, serikali inasaidia nini?" Tuongee wazi.

Sheria ya 15 Julai 2016 ya usalama wa jamii inaweka posho ya mazishi kwa mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS, akifa kwa ajali ya kazi. Mlimaji wa maharagwe na mama anayechuuza ndizi sokoni hawamo. Kisha kuna vifo vinavyosikika mbali. Waliouawa na mabomu ya 3 Mei 2024 katika kambi za kando ya Goma walizikwa pamoja mwezi huohuo, wakubwa wa serikali wakiwapo. Lakini mtoto aliyekufa kwa malaria katika nyumba ya kupewa hifadhi, nani atamnunulia sanduku? Ni majirani.

Ndiyo sababu kilio ni kazi ya amani. Familia iliyouza shamba ili izike, ikisikia wengine walisaidiwa, huuliza: "Wale ni wa kabila gani?" Hapo chuki inapata mlango.

Hapa Kiwanja, 4 na 5 Novemba 2008, watu wasiopungua 150 waliuawa. Je, majina yao yote yameandikwa wapi? Sheria ya Desemba 2022 ilianzisha FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa waliobakwa vitani na wahanga wa uhalifu mkubwa. Huo si mfuko wa mazishi. Lakini hata huko, anayedai fidia anahitaji ushahidi.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila kifo kiandikwe: jina, siku, mahali na mashahidi wawili. Mkubwa wa kartie atie sahihi, na familia ibaki na nakala. Pili, kila MUSO ilinde kasha lake jekundu, lile la shida za wanachama. Wenyeji na waliokimbia wachange pamoja, na hesabu isomwe mbele ya wote. Tatu, mtu akiomba pesa ili aingize jina lako katika orodha ya msaada, usimpe, uiambie kamati.

Deni la serikali kwa wafiwa tutaendelea kulidai. Lakini maiti haingoji barua kutoka Kinshasa, nasi tusimwache jirani azike peke yake.

Mungu awafariji waliofiwa.