Fomu Tupu Usiitie Sahihi

Msikilizaji wa Lindi, Mtwara na Kilwa, leo tuongee ardhi. Bomba la gesi likija, au mtambo wa kuchakata gesi, linatakiwa eneo. Na eneo hilo lina wenyewe.

Huna hati? Usiogope. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila, na inaipa hadhi sawa na ya mwenye hati. Shamba ulilorithi kwa babu unalimiliki kisheria.

Mwenyekiti peke yake hawezi kuigawa ardhi ya kijiji. Suala lazima lifike mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wewe. Tangazo likibandikwa, nenda mwenyewe.

Kisha atakuja mthamini wa kukadiria fidia, na daftari lake. Siku hiyo usiende baharini. Tembea naye shambani, mkorosho kwa mkorosho, mnazi kwa mnazi. Kisima ulichochimba, kaburi la mzazi, banda la kuku, vyote mwonyeshe. Mkorosho mkongwe nao ni mkorosho, usikubali urukwe.

Akimaliza, soma fomu ya uthamini anayokupa. Husomi? Mwite unayemwamini akusomee. Ina nafasi tupu? Usitie sahihi, wala dole gumba. Ikishajazwa, omba nakala, au ipige picha kwa simu.

Fidia lazima iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ikicheleweshwa, inadaiwa riba. Hujaridhika? Anzia ofisi ya ardhi ya wilaya. Peleka barua, nakala ibaki kwako.

Narudia: fomu yenye nafasi tupu, usiitie sahihi.