Mjue Ngege Kabla ya Kumtia Bwawani

Sokoni, mnunuzi hapati shida kumtenga mbuta na ngege. Shida iko kwa mwenye bwawa, kwani vifaranga vya samaki hufanana machoni.

Ngege anayefugwa zaidi, yaani tilapia wa Nile, ana mistari iliyosimama kwenye pezi la mkia. Mwenye sharubu na asiye na magamba ni kambare, naye hula samaki wadogo. Wapo wafugaji wanaomweka makusudi ili apunguze vifaranga bwawani.

Hasara kubwa huletwa na ngege jike. Huanza kuzaa angali mdogo, akilea mayai mdomoni, na baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki wa ukubwa wa kidole wanaogombania chakula kile kile. Hakuna mnunuzi wa samaki hao. Ngege akifika gramu 20 au 30, mgeuze utazame chini ya tumbo, karibu na mkia: dume ana matundu mawili, jike matatu. Ni kazi ya macho na subira. Asiyeiweza na anunue vifaranga vya madume pekee, na aulize hivyo kabla ya kulipa.