Ari Huifuata Kazi



Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 katika nchi ya Wagogo, ambako mvua ina msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili. Mkulima wa huko hangoji wingu ndipo atafute jembe. Husafisha shamba udongo ungali mkavu. Mwanafunzi angojaye ari ndipo aandike hukutwa na mtihani mikono mitupu, na hasara ni ya taifa zima linalogharimia elimu. Mara nyingi si mvivu, bali ametishwa na ukubwa wa kazi. Basi mwalimu asimkaripie tu. Amtake ukurasa mmoja kila juma, ausome, amrudishie. Ari haitangulii kazi, huifuata. Aanzaye leo kwa kidogo, kesho hangoji kusukumwa.